Encho wa Japani na Mwalimu Aliyemtangulia Hadithi

Japani wanayo sanaa yao ya kuchekesha watu iitwayo rakugo. Mtu mmoja hupiga magoti juu ya mto wa kukalia mbele ya hadhira, mkononi ana upepeo na kitambaa, basi. Akigeuza uso kulia ni mume, akigeuza kushoto ni mke, akishusha sauti ni mwizi yuko dirishani. Upepeo ukikunjwa ni kalamu, au upanga, au vijiti vya kulia chakula. Hainuki pale alipo mpaka hadithi iishe, na watu nyuma yake wamevunjika mbavu.

Mabingwa wa sanaa hii ni wengi, lakini mimi wa kwangu ni San'yutei Encho. Alizaliwa mwaka 1839 katika mji wa Edo, ambao tangu 1868 waitwa Tokyo. Wenzangu humpenda kwa hadithi zake za mizuka. Mimi humpenda zaidi kwa yale yaliyopita baina yake na mwalimu wake, kwani hapo ndipo mtu hupimwa.

Jina alilopewa na wazazi ni Jirokichi. Baba yake naye alikuwa msimulizi, na mtoto alipandishwa jukwaani mwaka 1845, angali mdogo wa miaka sita hivi. Kisha akakabidhiwa kwa San'yutei Ensho, wa pili kulishika jina hilo, ili afunzwe kazi. Kule majina hurithiwa kama kilemba, na kulipewa jina kubwa ni kupewa na mzigo wake.

Sasa niwaeleze ngazi zenyewe, kwa sababu bila ya kuzijua mtu hataelewa uchungu wa mambo yanayofuata. Wa chini kabisa huitwa zenza, yaani mwenye kutangulia. Huyu ndiye hufungua baraza wakati viti bado vitupu. Lakini kusimulia ni sehemu ndogo tu ya siku yake. Hupeleka chai, na lazima ajue kila mkubwa apenda chai ya namna gani. Hukunja nguo za wakubwa, hupiga ngoma ya kufungulia, hugeuza mto msimulizi mmoja akitoka na mwingine akiingia. Joho la juu la heshima haruhusiwi kulivaa. Wa pili ni futatsume, ambaye joho amelipata na chai ameepukana nayo, lakini kazi hujitafutia mwenyewe. Wa juu ni shinuchi, yule ambaye watu wamelipa kuja kumsikia, naye huja mwisho. Siku hizi zenza hukaa kiasi cha miaka mitatu au minne, na futatsume huweza kufika kumi. Hadithi hupokewa kwa mdomo, mwalimu akisema na mwanafunzi akisikiliza, wala si halali kuisimulia mbele ya watu kabla ya kupewa ruhusa.

Safari ya Jirokichi haikunyooka. Ndugu yake mkubwa kwa mama alikuwa mtawa wa Kibudha, naye hakuipenda kazi ile ya kuchekesha watu. Kijana akaondolewa, akatiwa dukani, kisha akapelekwa kujifunza uchoraji kwa Utagawa Kuniyoshi, mchoraji aliyetajika sana. Kote huko moyo haukutulia. Akarudi kwenye usimulizi, na mwaka 1855 akalichukua jina la Encho. Uchoraji nao haukupotea bure: alisimulia akiwa na mapazia ya rangi nyuma yake, na vinanda pembeni, na watu wakawa wanajaa.

Mwaka 1859 ndipo yalipotokea. Encho, sasa shinuchi, alipata ukumbi wa kuuongoza mwenyewe, na kwa adabu akamwomba mwalimu wake asimulie kabla yake, ili jina la mzee livute watu. Yasimuliwa kwamba usiku ule Ensho alipanda na kuisimulia hadithi ileile ambayo Encho alikuwa ameitayarishia mapazia. Mwanafunzi akabaki na picha zake hana la kusema. Usiku wa pili vivyo hivyo. Na wa tatu.

Wapo wasemao mzee alikuwa akimpa somo. Mimi siwaungi mkono. Somo latosha usiku mmoja. Usiku baada ya usiku ni kijicho. Lakini Encho angefanyaje? Kugombana na mwalimu hadharani ni kuikosa radhi yake. Akanyamaza, akaenda kutunga hadithi ambazo hakuna binadamu mwingine aliyezijua, basi nani atamtangulia? Hadithi ya kwanza iliyotoka humo ni ile ya Kasane, ya kipofu mkanda-mwili mkopeshaji aliyeuawa na mdeni wake, na laana ikawaandama watoto wa pande zote mbili. Mzee alipougua, Encho alimhudumia mpaka alipokufa mwaka 1862.

Baadaye akatunga ile ya taa ya maua, inayojulikana kuliko zote. Binti aliyekufa kwa mapenzi humjia kijana wake kila usiku, na kabla ya kuonekana husikika mitalawanda yake njiani. Nyumba ya kijana imebandikwa hirizi. Jirani ahongwa fedha aziondoe.

Mwaka 1872 Encho aliyagawa mapazia na vyombo vyake vyote kwa mwanafunzi, akabaki na upepeo. Mwaka 1884 waandishi wa hati mkato wakaketi kumsikiliza, wakaichapa ile ya taa neno kwa neno. Waandishi wa riwaya wakastaajabu kuona lugha ya mdomoni yasomeka vizuri hivyo, na Futabatei Shimei akajifunza humo alipoandika riwaya yake ya mwaka 1887, ihesabiwayo kuwa ya kwanza ya kisasa katika Kijapani. Mwaka 1891 Encho alisimulia mbele ya mfalme Meiji kisa cha mkulima fukara aliyekuja kuwa tajiri wa makaa.

Mafunzo ya Kibudha aliyapata kwa Yamaoka Tesshu, bingwa wa upanga, na humo akapata jina ambalo maana yake ni asiye na ulimi. Ajabu ya jina kwa mtu aliyekula kwa ulimi wake! Alifariki tarehe 11 Agosti 1900, akazikwa Tokyo katika hekalu la Zenshoan, lililojengwa na Tesshu huyo huyo. Picha za mizuka alizokuwa akizikusanya zimehifadhiwa hapo, na hutundikwa kila mwezi wa Agosti watu wazione, kwani Wajapani huamini kwamba hadithi za kutisha ni za wakati wa joto, zipoze mwili.