Yesu alimuuliza kwanza yule kipofu

Ukiwahi kupimwa makohozi ili ijulikane kama una kifua kikuu, umefaidika na kazi ya Robert Koch. Daktari huyu Mjerumani alizaliwa mwaka 1843. Machi 24, 1882, alitangaza mjini Berlin kwamba amegundua bakteria wanaoleta ugonjwa huo. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini tazama pia alipojikwaa. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, huku akificha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuwaponya, na baadhi yao walikufa.

Mwaka 1906 alifika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Malale ilikuwa imeua maelfu ya watu. Wagonjwa walimjia kwa matumaini, naye akawachoma sindano za Atoxyl, dawa yenye arseniki, ambayo ni sumu. Walipata nafuu, kisha vimelea vikarudi katika damu. Koch akaongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, wasione tena maisha yao yote. Ndipo akaiacha dozi ile kubwa. Alifariki mwaka 1910.

Ndugu yangu, usiharakishe kumhukumu. Malale ilikuwa ikiua, na kujaribu dawa mpya si dhambi. Hata dawa unazomeza leo zilijaribiwa kwa watu. Tatizo huanza pale mgonjwa anapokuwa njia tu ya kupata jibu.

Mkumbuke Bartimayo kule Yeriko. Kila mtu aliona kwamba ni kipofu, na Yesu alikuwa na uwezo wote wa kumponya. Hata hivyo alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Ombaomba wa kando ya njia akapewa nafasi ya kusema.

Leo watafiti wanatakiwa kupata ridhaa ya mgonjwa kabla ya kumjaribia dawa. Ukiombwa kushiriki, uliza dawa hiyo inaweza kukudhuru vipi, na kumbuka una haki ya kukataa. Nawe daktari, muuguzi au mtafiti unayesali nasi, mweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, hata kama hajui kusoma. Kisha subiri jibu lake kabla ya kushika sindano.