Historia: John Gorrie, daktari aliyetengeneza barafu kwa mashini akakosa pesa ya kuiendeleza

Mwenye klimatizeri nyumbani, iwe Matadi, Kinshasa ao Kalemie, anaijua siku ile mbaya: mashini inaunguruma, lakini hewa inayotoka ni ya joto. Fundi anafika, anafungua, anasema gesi imevuja. Hapo mwenye nyumba anaanza kuhesabu pesa. Zaidi ya miaka 170 iliyopita, mtu mmoja alifanya hesabu kama hiyo na ikamshinda. Jina lake John Gorrie, daktari wa mji mdogo wa Apalachicola, Florida, kusini mwa Marekani.

Gorrie alizaliwa mwaka wa 1803, akakulia Carolina Kusini. Alisomea udaktari Fairfield, katika jimbo la New York, na kumaliza mwaka wa 1827. Mwaka wa 1833 alihamia Apalachicola, bandari iliyo kwenye Ghuba ya Meksiko, pale mto wenye jina hilo hilo unapoingia baharini. Pamba iliyolimwa na watumwa katika mashamba makubwa ya ndani ilishuka kwa mto hadi pale, kisha ikapakiwa katika meli. Biashara ilikuwapo. Lakini kulikuwa pia na joto, unyevu, mabwawa na mbu.

Wakaaji walimpokea vizuri. Mwaka wa 1834 alikuwa mkuu wa posta, mwaka wa 1837 akawa meya. Alikuwa pia mweka hazina wa mji, na alitunza wagonjwa katika hospitali. Mwaka wa 1838 alimuoa Caroline Beman, mjane, wakapata watoto wawili. Angeweza kubaki hivyo, mtu wa heshima katika mji wenye pesa.

Wagonjwa wa homa

Kila msimu wa joto malaria ilirudi. Mwaka wa 1841 homa ya manjano nayo iliupiga mji. Wagonjwa walilala katika vyumba vya moto ambamo jasho halikauki, kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji. Anayeishi kando ya mto ao ziwa katika inchi yenye joto haitaji kuelezwa hali hiyo.

Madaktari wa wakati ule waliamini kwamba homa hizo zinaletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Gorrie aliamini hivyo pia. Alikosea: ilikuwa mwaka wa 1897 ndipo Ronald Ross alionyesha kwamba malaria inapitia kwa mbu, na mwaka wa 1900 madaktari wa jeshi la Marekani walihakikisha kule Kuba kwamba homa ya manjano nayo inapitia kwa mbu. Lakini shauri alilolitoa kwa mji wake, la kukausha mabwawa, lilikuwa zuri hata kama sababu aliyoitoa haikuwa ya kweli.

Shauri lake la pili lilikuwa kupoza chumba cha mgonjwa. Alitundika chombo chenye barafu karibu na dari. Hewa iliingia kwa njia ya bomba la juu, ikapita kwenye barafu, ikapoa. Kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, ilishuka yenyewe hadi kitandani, kisha ikatoka kwa tundu karibu na sakafu. Hapakuwa na mota wala waya, na mgonjwa alipata nafuu ya joto.

Shida ilikuwa bei. Barafu ilikatwa wakati wa baridi kwenye maziwa ya kaskazini, ikafunikwa kwa unga wa mbao na kusafirishwa kwa meli hadi kusini. Sehemu yake iliyeyuka njiani. Meli ikichelewa, barafu ilipanda bei ao ilikosekana kabisa, na homa haikungojea meli. Gorrie alielewa kwamba kama baridi itategemea meli, maskini hataipata kamwe.

Kukamua joto kutoka hewani

Mwaka wa 1845 aliacha sehemu kubwa ya kazi ya udaktari ili ashughulike na mashini yake. Kila aliyepampu tairi ya kinga anajua jambo aliloanzia: hewa ikisongwa, pampu inapata moto. Gorrie aliisonga hewa kwa pampu, akaondoa joto lile kwa maji, kisha akaiachia hewa ipanuke. Hewa inayopanuka inapoa sana. Baridi hiyo iligeuza maji kuwa barafu.

Klimatizeri ya leo inafuata njia hiyo hiyo, ila inatumia gesi maalum badala ya hewa. Kompresa inaisonga gesi, sehemu ya nje inatupa joto, na ndani ya nyumba gesi inapanuka na kupoza. Baridi haiongezwi katika chumba. Ni joto linalochukuliwa na kutolewa nje.

Inasimuliwa kwamba tarehe 14 Julai 1850, siku ambayo Wafaransa wanakumbuka mapinduzi yao, wageni walioalikwa karamu Apalachicola walinywa divai iliyopozwa kwa barafu ya mashini ya Gorrie, wakati mji haukuwa na barafu ya meli. Tarehe 6 Mei 1851 serkali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi namba 8080.

Pale pesa ilipokwisha

Mashini ilifanya barafu, lakini ilivuja, na haikufanya kazi sawasawa siku zote. Hewa iliyosongwa inatafuta kila tundu, na ikitoroka, nguvu iliyotumika kuisonga imepotea bure. Kurekebisha kulidai vyuma vilivyochongwa vizuri zaidi, mafundi wengine, na pesa ambayo daktari wa mji mdogo hakuwa nayo tena.

Alitafuta watu wa kuweka mtaji. Mmoja aliyekubali kumsaidia alikufa kabla ya kazi kusonga mbele. Gorrie akaenda mpaka New Orleans kutafuta wengine, akarudi mikono mitupu. Magazeti yalimcheka kwamba anataka kushindana na Mungu katika kufanya barafu. Mwenyewe alishuku kwamba nyuma ya kicheko hicho kulikuwa wafanyabiashara wa barafu wa kaskazini, hasa Frederic Tudor wa Boston, tajiri mkubwa wa biashara hiyo. Kwao mashini ile, kama ingesimama, ilikuwa hatari.

John Gorrie alikufa Apalachicola Juni 1855, akiwa na miaka 51. Afya yake ilikuwa imevunjika, mtaji haukupatikana, na mashini haikuuzwa.

Jina lilirudi

Miaka ilipopita, wengine walitengeneza mashini za baridi zilizo bora, na mwaka wa 1902 mhandisi Willis Carrier alipanga mashini ya kutawala unyevu katika kiwanda cha kuchapa karatasi kule Brooklyn. Kutokana na kazi hiyo klimatizeri ya kisasa ilienea. Mwaka wa 1914 Florida iliweka sanamu ya Gorrie katika jengo la bunge mjini Washington. Apalachicola nako kuna makumbusho yenye jina lake.

Lakini shida iliyomwangusha haijatoka nyumbani kwetu. Gesi ya klimatizeri haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu hilo na kuliziba anakuuzia baridi ya muda mfupi, na utamlipa tena kwa kazi ileile. Katika hewa yenye unyevu mwingi, bomba la kutolea maji linaziba upesi na chujio linashika vumbi. Kuvisafisha ni kazi ya bei ndogo. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu unaweza kuunguza kompresa, ambayo kwa kawaida ndiyo kipande cha bei kubwa kuliko vyote.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, muulize fundi swali moja: inavujia wapi? Gorrie alilijua swali hilo vizuri. Kilichomkosea ni pesa ya kulijibu.