Robert Bárány

Robert Bárány (22 Aprili 1876 – 8 Aprili 1936) alikuwa daktari wa masikio kutoka Austria-Hungaria. Anajulikana hasa kwa kueleza jinsi sikio la ndani linavyotunza mizani ya mwili, na jinsi hitilafu zake zinavyoleta kizunguzungu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1914.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Vienna katika familia ya Kiyahudi. Utotoni aliugua kifua kikuu cha mifupa, kikamwacha na goti lililokakamaa maisha yake yote. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1900, kisha akafanya kazi katika kliniki ya masikio ya Adam Politzer.

Utafiti

Sikio la ndani lina mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Kichwa kinapogeuka, majimaji hayo huarifu ubongo. Abiria wa meli kati ya Mwanza na Bukoba akipata kichefuchefu wakati wa mawimbi, ni kwa sababu taarifa za sikio la ndani hazilingani na zile za macho.

Bárány aliona kwamba wagonjwa walioshwa masikio kwa bomba la sindano walilalamika kizunguzungu, na macho yao yalichezacheza. Maji yalipokuwa ya baridi macho yalikwenda upande mmoja. Yalipokuwa ya moto zaidi ya mwili, upande wa pili. Alieleza kuwa majimaji ya sikio yakipata joto hupanda na yakipoa hushuka, kama maji ndani ya sufuria jikoni. Kuanzia hapo daktari aliweza kupima kila sikio peke yake na kujua lipi lina kasoro. Majaribio yaliyofanyika angani mwaka 1983 yalionyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa macho yalichezacheza hata pasipo uzito. Hata hivyo kipimo chenyewe kinatumika hadi leo.

Mfungwa wa vita

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alijitolea kuwa daktari wa jeshi. Mwaka 1915 alitekwa na Warusi, akapelekwa Merv (leo nchini Turkmenistan). Habari ya tuzo ilimkuta akiwa mfungwa huko. Aliachiliwa mwaka 1916 baada ya juhudi za Mwanamfalme Carl wa Uswidi na Msalaba Mwekundu.

Aliporudi Vienna, baadhi ya wenzake walimshutumu kwamba hakutaja ipasavyo kazi za watangulizi wake. Wanasayansi wa Uswidi walimtetea. Mwaka 1917 alihamia Uppsala, Uswidi, alikofundisha na kutibu hadi kifo chake.

Dawa ya ganzi

Mwaka 1935 alitoa taarifa kwamba dawa ya ganzi ikidungwa kwenye mshipa wa damu ilipunguza mvumo wa masikio kwa muda mfupi. Nafuu hiyo haikudumu, lakini ilionyesha kuwa dawa za aina hiyo zinaweza kugusa kazi ya sikio la ndani. Baadaye madaktari wengine walijaribu kutia dawa ya ganzi aina ya lidokaini katika sikio la kati ili kutuliza kizunguzungu cha ugonjwa wa Ménière.

Kumbukumbu

Jumuiya ya Bárány, iliyoanzishwa mwaka 1960, inaunganisha watafiti wa kizunguzungu na mizani ya mwili kutoka nchi mbalimbali.