Kristian Birkeland: mtu aliyetafuta siri ya mianga ya kaskazini

Kuna siku foni inakataa kabisa. Unaita Bukavu, unaita Kindu, hakuna anayejibu, ni "shhh" tu. Pengine mashini yako haina shida yoyote: ni jua limechafuka. Mmoja wa wale waliotufungulia njia ya kuelewa jambo hili ni Kristian Birkeland.

Alizaliwa mwaka 1867 kwenye muji wa Christiania, leo Oslo, kule Norwe. Upande wa kaskazini wa inchi ile, usiku wa baridi mbingu inawaka mianga ya kijani na nyekundu, inacheza kama pazia kwenye upepo. Watu walikuwa na hadithi nyingi juu yake. Birkeland, mwalimu wa chuo kikuu, yeye akataka sababu.

Mwaka 1899 alipanda mulima Haldde pamoja na wenzake, wakakaa humo wakati wote wa baridi wakipima sumaku ya dunia. Mmoja wao alikufa, theluji ilimuporomokea. Kisha Birkeland akatengeneza dunia ndogo: tufe lenye sumaku ndani ya sanduku lisilo na hewa, akalirushia umeme. Mwanga ukatokea karibu na ncha zake mbili! Ndipo akasema: jua linatupa chembe za umeme, na sumaku ya dunia inaziongoza kwenye ncha.

Utafiti ule ulikula pesa nyingi. Yeye na Sam Eyde wakatumia umeme kutoa mbolea hewani, na mwaka 1905 kampuni Norsk Hydro ikazaliwa.

Lakini wakubwa wa sayansi kule Uingereza hawakumusadiki. Alifika hata Misri na Sudan akichunguza mwanga mwingine wa angani. Usingizi ukamupotea. Mwaka 1917 alikufa ndani ya hoteli Tokyo, akiwa na miaka 49, baada ya kunywa dawa ya usingizi kupita kipimo.

Miaka ya 1960, setilaiti zikakuta huko juu mikondo ya umeme aliyoisema. Leo inaitwa kwa jina lake, na sura yake iliwekwa kwenye noti ya 200 ya Norwe.

Sisi wa karibu na ikweta hatuoni mianga ile, lakini jua lilelile linazima foni zetu. Basi, ikinyamaza ghafla mchana, usikimbilie kuifungua. Ngoja kwanza saa moja au mbili, ujaribu tena.