Magritte na Mti Usioonekana

René Magritte, mchoraji mashuhuri wa Ubelgiji, alizaliwa tarehe 21 Novemba 1898 katika mji wa Lessines. Mwaka 1912 mama yake alijitosa katika mto Sambre akafa. Kijana alijifunza uchoraji mjini Brussels, na kati ya mwaka 1920 na 1921 akalitumikia jeshi la nchi yake katika kikosi cha askari wa miguu. Baadaye alichora nakshi za karatasi za kupambia kuta ili apate riziki.

Mwaka 1928 alichora mwanamume na mwanamke wakibusiana, vichwa vyao vimefunikwa vitambaa. Wengi walidai kuwa vitambaa vile ni ile nguo iliyosemekana kumfunika mama yake uso alipoopolewa mtoni. Magritte hakuipenda tafsiri hiyo, na waliochunguza maisha yake wameitilia shaka hata habari yenyewe ya nguo.

Picha yake ya mwaka 1933, iitwayo La Condition humaine, yaani Hali ya Binadamu, yatufunza zaidi. Ndani ya chumba pana dirisha, na mbele ya dirisha imesimamishwa picha. Picha hiyo yaonyesha mti na majani, navyo vyaungana barabara na mandhari ya nje. Kila mtazamaji yu tayari kuapa kuwa nyuma ya picha ile upo mti kama huo. Lakini ni nani aliyeuona? Macho yameona rangi tu. Mti wa nje umeongezwa na akili.

Magritte alifariki mjini Brussels tarehe 15 Agosti 1967. Sisi tuliokabidhiwa silaha tunayo sababu ya kumkumbuka. Mlinzi wa usiku huona kivuli, akaripoti adui. Askari polisi huona mtu akikimbia, akaandika mwizi. Kivuli na mbio vilionekana kweli. Adui na mwizi wametoka akilini, na kwa ajili yao risasi yaweza kufyatuliwa, au asiye na hatia akafungwa.

Hatusemi kwamba askari asikisie, kwani hatari haimngojei mwenye hakika kamili. Twasema atenganishe mambo mawili: taarifa itangulize lililoonekana kwa macho, kisha, mbali nalo, litajwe linalodhaniwa. Mkubwa wake ndipo atakapoamua akijua ni lipi limeonekana na lipi limedhaniwa.