MAISHA YA ABU BAKAR AR-RAZI, TABIBU ALIYEIPAMBANUA NDUI NA SURUA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baada: twawaletea ndugu zetu wasomaji khabari za Abu Bakar Muhammad bin Zakariya ar-Razi, tabibu ambaye Wazungu humwita Rhazes. Hapana mtu wa pwani asiyeyajua kwa majina maradhi mawili aliyoyaandikia: judari, ndiyo ndui; na hasba, ndiyo surua. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa kitabu mashuhuri kuliko vyote vya zamani katika kuyapambanua maradhi hayo kiliandikwa kwa Kiarabu, katika nchi za Kiislamu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Mwanachuoni Al-Biruni, ambaye alikusanya orodha ya vitabu 184 vya ar-Razi, ametaja ya kuwa alizaliwa mwezi mosi Shaaban mwaka 251 Hijria, sawa na mwaka 865 Miladia. Alizaliwa katika mji wa Rayy, nchi ya Uajemi, karibu na palipo mji wa Tehran leo. Na hiyo ndiyo maana ya jina lake, yaani mtu wa Rayy. Katika ujana wake alipenda kupiga udi na kuimba. Kisha akaziacha nyimbo, akashughulika na kimiya, akikaa mbele ya moto na vyungu. Utabibu aliuingia akiwa mtu mzima, umri wake umekwisha pita miaka 30. Husimuliwa ya kuwa moshi wa kimiya ulimdhuru macho, na kutafuta dawa ya macho yake ndiko kulikomtia katika ilimu ya utabibu. Ikiwa ni hivyo, basi macho ndiyo yaliyomwingiza katika kazi hii, na macho hayo hayo, kama utakavyoona mbele, ndiyo yaliyomtoka kwa ajili yake.

KAZI YAKE HOSPITALINI

Alipokwisha soma akawekwa kuwa mkubwa wa hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad, mji wa makhalifa. Watu husimulia ya kuwa alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali mjini Baghdad, aliamuru vipande vya nyama vitundikwe pande mbalimbali za mji, akachagua mahali ambapo nyama ilikawia kuoza. Kisa hiki wengine wamekitia katika hospitali ya Adudi, na hilo haliwezi kuwa, kwa sababu hospitali ile ilifunguliwa zaidi ya miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini kisa chafanana na tabia yake, kwani alikuwa mtu wa kujaribu jambo kwanza ndipo akalisema.

Ibn an-Nadim ameeleza katika Fihrist namna ya baraza yake. Yeye alikaa katikati, wanafunzi wake wakamzunguka duara kwa duara. Mgonjwa akija, huwaeleza kwanza wale wa duara ya nje. Wakijua, humtibu, wasipojua, hupelekwa kwa wale wa ndani yao, na jambo likiwashinda wote, ndipo hulinena ar-Razi mwenyewe. Na alikuwa karimu, mwenye huruma kwa maskini, akiwatibu na kuwapa riziki. Tena aliandika kitabu khasa kwa ajili ya mtu asiyeweza kumpata tabibu, akakijaza dawa za vitu vinavyopatikana jikoni na sokoni.

Desturi ya matabibu wa wakati ule ilikuwa kumfuata Jalinus, tabibu mkubwa wa Wayunani, wala si kumpinga. Ar-Razi alimheshimu Jalinus kama mwanafunzi amheshimuvyo mwalimu, na juu ya hayo akaandika kitabu kizima cha kuonyesha mahali alipomtilia shaka. Alipotaka kujua kama kumtoa mtu damu kwafaa katika ugonjwa wa sirsam, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, aliwatoa damu wagonjwa wengine na wengine akawaacha makusudi, kisha akawaangalia wote. Haya ni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

KITABU CHA JUDARI NA HASBA

Sasa tufike katika kitabu chenyewe. Si kikubwa; kina milango 14 tu. Kabla yake watu walikuwa wakiziona homa za vipele na kuzichanganya, wakiita hii kwa jina la ile. Yeye aliketi kando ya vitanda vya watoto, akaandika kila alichokiona siku baada ya siku, tangu homa ianze mpaka vipele vikauke.

Na faida kubwa ya kitabu hiki, ewe msomaji, ni kwamba hakungoja vipele vitoke. Vipele vikisha enea mwilini, kila mtu huviona, hata asiyejua kusoma. Yeye aliuliza: je, kabla ya hapo mwili wasema nini? Akazihesabu dalili: homa isiyokatika, maumivu ya mgongo, kuwashwa pua, na kushtuka katika usingizi, mashavu na macho kuwa mekundu, kupiga miayo na kujinyosha, kichwa kuwa kizito, koo na kifua kuuma, pamoja na kikohozi kidogo. Kisha akaingia ndani ya kinywa: kinywa hukauka, mate huwa mazito, sauti hukwaruza, na ufizi huwa mwekundu mno. Dalili hii ya ufizi ameitaja kwa mkazo.

Baadaye akaleta kipambanuzi. Wasiwasi, kichefuchefu na dhiki ya moyo huzidi katika surua kuliko katika ndui. Na maumivu ya mgongo ni ya ndui zaidi kuliko surua. Kwa mizani hii tabibu aliweza kulijua jina la ugonjwa kabla kipele kimoja hakijaonekana juu ya ngozi.

Na katika matibabu alifuata njia hiyo hiyo. Dalili za ndui zikionekana tu, ameagiza yaangaliwe kwanza macho, kisha koo, kisha pua, masikio na maungo. Macho yatiwe matone ya maji ya waridi mara kwa mara. Koo lisukutuliwe kwa maji ya komamanga kali na mfano wake. Aliyajua madhara yanayokuja baada ya ugonjwa: mtoto hupona homa akabaki kipofu, au vipele vya kooni vikamziba pumzi. Kwa hivyo alilinda milango ya mwili kabla adui hajaingia.

ALIPOKOSEA, NA YALIYOJULIKANA BAADAYE

Insafu yataka tuseme na upande wa pili. Sababu aliyoitaja ya ndui siyo iliyo kweli. Alidhani ya kuwa damu ya mtoto huchemka na kuumuka kama maji ya zabibu yaumukavyo, na vipele ndivyo povu lake. Leo imethibiti ya kuwa ndui na surua kila moja ina kijidudu chake, kidogo kisichoonekana ila kwa vyombo vikubwa, nacho hutoka kwa mgonjwa kikamwingia mzima. Lakini hoja yake ilipoanguka, dalili zake zilibaki zimesimama, kwa sababu hoja aliipokea katika fikira za wakati wake, na dalili aliziona kwa macho yake.

Tena waliokuja baada yake wameuongeza ushahidi wa kinywa. Katika ndui, madoa mekundu yalikuwa yakitoka juu ya ulimi na ndani ya kinywa kabla ya vipele vya ngozi. Madoa yale yakawa vidonda, vidonda vikapasuka, na maradhi yakajaa katika mate na koo. Na huo ndio wakati mgonjwa alipoanza kuwaambukiza wenziwe sana. Ama surua, mwaka 1896 tabibu mmoja wa New York, jina lake Henry Koplik, alieleza vidoa vyeupe vitokavyo ndani ya mashavu, mkabala wa magego, mfano wa punje za chumvi juu ya kitu chekundu. Vidoa hivyo hutangulia vipele vya ngozi kwa siku mbili au tatu, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Ar-Razi hakuvitaja, lakini mlango aliouchungulia Koplik ni ule ule aliouchungulia yeye.

KUFA KWAKE NA VITABU VYAKE

Ar-Razi amesimulia khabari ya bidii yake mwenyewe: katika mwaka mmoja aliandika kurasa zaidi ya 20,000 kwa hati ndogo, na kitabu chake kimoja kikubwa alikishughulikia miaka 15, usiku na mchana, hata macho yake yakadhoofu na mkono ukashindwa kushika kalamu, akawa akiwataka wengine wamsomee na kumwandikia. Mwishowe akawa kipofu. Wapo wasimuliao ya kuwa aliletewa tabibu wa kumpasua macho, naye akamwuliza macho yana tabaka ngapi. Yule hakujua, akakataa asiguswe. Akafa Rayy tarehe 5 Shaaban mwaka 313 Hijria, sawa na 925 Miladia, umri wake miaka 62 ya mwandamo.

Karatasi alizoacha zilikuwa kwa dada yake. Waziri Ibn al-Amid akampa mali, akazichukua, akawakusanya wanafunzi wake wakazipanga, kikatoka kitabu kikubwa cha Al-Hawi. Mwaka 1279 kilitiwa katika Kilatini kwa amri ya mfalme Charles wa Anjou, na mwaka 1486 kikapigwa chapa mjini Brescia, Italia. Kile kitabu kidogo cha judari na hasba kilitiwa katika Kilatini kikapigwa chapa Venice mwaka 1498, na mwaka 1848 kikatolewa kwa Kiingereza mjini London.

Amesemwa pia. Katika falsafa amenasibishiwa maneno ya kuukanusha unabii, na Abu Hatim ar-Razi, mtu wa mji wake, alimjibu kwa kitabu. Wanavyuoni wamekhitalifiana kama maneno yale ni yake kweli, kwani mengi yametufikia kwa ndimi za wapinzani wake. Hukumu ya moyo wa mtu ni ya Mola wake. Sisi tumekusudia khabari ya utabibu wake.

FAIDA YA KHABARI HII

Ndui imekwisha duniani. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, pwani ya Banadir, katika Oktoba 1977. Aliipata kwa kuwaongoza garini wagonjwa wawili wa ndui. Nao waliomwangalia kwanza walidhani ana malaria. Vipele vilipotoka wakadhani ni tetekuwanga. Tazama basi: miaka elfu baada ya ar-Razi, katika zama za vyombo na dawa, jambo gumu lilikuwa lile lile la kupambanua. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza ya kuwa ndui imeondoka katika uso wa ardhi.

Lakini surua ipo. Ingali yaua watoto, na ingali yawapofua, nayo huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele kutoka. Basi wewe baba, usiseme mtoto mgonjwa ni kazi ya mamaye. Akishikwa na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, mpeleke kwenye mwangaza, mfunue kinywa, utazame ndani ya mashavu. Ukiviona vidoa vyeupe, mtenge na watoto wenziwe, umpeleke kwa tabibu upesi, umweleze ulichokiona. Na usipoviona usijidanganye ya kuwa yu salama, kwani si kila mgonjwa huonekana navyo. Homa na macho mekundu vyatosha kukupeleka. Hospitalini mtoto wa surua hupewa vitamini A, nayo humlinda macho yake na uhai wake. Usimtie machoni dawa ya kubahatisha, wala usimnyime chakula na maji. Na kabla ya yote hayo, mpe chanjo zake mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Maana ar-Razi na ilimu yake yote hakuwa na kinga hii, nasi tumepewa.

Aliyapoteza macho yake mwenyewe, na kitabu chake kikawafunza watu kuyalinda macho ya watoto wao. Mwenyezi Mungu atuafu sisi na watoto wetu, na atujaalie kuitumia ilimu tuliyopewa. Amin.