Jacques-Yves Cousteau: Nahodha aliyeishi na familia yake juu na chini ya bahari, kutoka Toulon hadi Karibi

Tarehe 25 Juni 1997, mjini Paris, mshituko wa moyo ulimaliza maisha ya Jacques-Yves Cousteau akiwa na umri wa miaka 87. Wafaransa walimwita Kamanda. Wengine duniani walimtambua kwa kofia yake nyekundu ya sufu na kwa meli yake nyeupe, Calypso. Watu wengi ambao hawajawahi kukanyaga pwani waliona papa na matumbawe kwa mara ya kwanza katika filamu zake. Kifaa alichotengeneza pamoja na mwenzake ndicho msingi wa vile wanavyovaa leo wazazi na watoto wanaokwenda kupiga mbizi katika visiwa vya Karibi. Lakini maisha yake yalikuwa na upande mwingine pia: mwana aliyekufa kazini, mwana mwingine aliyeshitakiwa na baba yake kwa sababu ya jina, na bahari ambayo yeye mwenyewe aliidhuru kabla ya kuanza kuitetea.

Ajali ya barabarani

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 huko Saint-André-de-Cubzac, mji mdogo karibu na Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa mtoto mwenye afya dhaifu. Baba yake, Daniel, alifanya kazi kwa matajiri wa Marekani, na familia ikaishi New York kwa muda. Ni huko Marekani, katika kambi ya watoto wakati wa likizo, ndipo alipozamia kwa mara ya kwanza, akitoa matawi ya miti chini ya ziwa.

Mwaka 1930 aliingia chuo cha jeshi la majini huko Brest. Ndoto yake ilikuwa kurusha ndege. Ajali mbaya ya motokari ilimvunja mikono na kufunga njia hiyo. Alipelekwa Toulon, kwenye pwani ya Mediterania, na huko akawa anaogelea kila siku ili mikono ipate nguvu. Mwaka 1936 rafiki yake wa jeshi, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya kuogelea. Cousteau akatia uso ndani ya maji na kuona mawe, majani na samaki waziwazi. Tangu siku hiyo hakuwaza tena ndege.

Mwaka uliofuata alimuoa Simone Melchior, binti wa familia ya wanamaji. Baba ya Simone alikuwa na cheo cha juu jeshini, kisha akafanya kazi katika kampuni ya gesi ya Air Liquide. Jean-Michel alizaliwa mwaka 1938, Philippe mwaka 1940.

Kifaa kilichozaliwa wakati wa vita

Zamani, mtu aliyetaka kufanya kazi chini ya maji alivaa kofia kubwa ya shaba na viatu vizito, akapumua hewa iliyosukumwa kwa mpira kutoka juu ya mashua. Hakuweza kwenda mbali. Ofisa mmoja wa jeshi la majini, Yves Le Prieur, alikuwa amebuni chupa ya hewa ya kubeba mwaka 1926, lakini hewa ilitoka bila kukoma na kuisha haraka.

Jibu lilipatikana wakati Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani. Mafuta ya motokari yalikosekana, na mhandisi wa Air Liquide, Émile Gagnan, alikuwa ametengeneza vali ndogo ya kuwezesha injini kutumia gesi. Kwa njia ya baba mkwe wake, Cousteau alikutana na Gagnan mwishoni mwa mwaka 1942. Walibadilisha vali hiyo ili itoe hewa pale tu mtu anapovuta pumzi, na kwa kiasi kinacholingana na mgandamizo wa maji mahali alipo.

Jaribio la kwanza lilifanyika katika mto Marne, Januari 1943. Cousteau alipolala majini alipumua vizuri, lakini aliposimama hewa ilimwagika ovyo, na alipoelekeza kichwa chini ikawa shida kuvuta. Waligundua kosa: tundu la kutolea hewa lilikuwa mbali na la kuingizia. Walipoyaweka pamoja, kifaa kilifanya kazi. Katika kiangazi cha mwaka huo Cousteau, Tailliez na Frédéric Dumas walizamia nacho mara nyingi kwenye pwani ya kusini. Simone naye alikivaa, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kupiga mbizi kwa namna hiyo. Jean-Michel alianza akiwa na miaka 7.

Vita iligawa familia hiyo. Cousteau alipewa nishani kwa kazi yake ya kuwapinga wavamizi. Kaka yake, Pierre-Antoine, mwandishi wa habari, alikuwa upande wa Wajerumani. Mwaka 1946 alihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo, akaachiliwa mwaka 1954.

Baharini nako hatari haikukosekana. Hewa ya chupa, mtu anapoteremka sana, hulewesha akili kama pombe. Mwaka 1947 Maurice Fargues, mmoja wa kikosi cha Cousteau, alijaribu kufika mita 120. Alifika, lakini alivutwa juu akiwa amezimia, na hakuamka tena.

Calypso, nyumba ya familia

Mwaka 1950 Cousteau alipata meli. Ilikuwa imejengwa Marekani kwa ajili ya jeshi la Uingereza kuondoa mabomu ya baharini, na baada ya vita ikawa ya kuvusha abiria kati ya Malta na Gozo. Tajiri mmoja wa Uingereza, Loel Guinness, aliinunua na kumkodisha kwa franga moja tu kwa mwaka. Kuitengeneza na kuitia mafuta ilikuwa kazi nyingine. Simone aliuza vito vyake ili safari ziwezekane.

Simone ndiye aliyeishi ndani ya Calypso kuliko mtu yeyote, hata kuliko bwana yake. Aliwatunza mabaharia walipougua, alisuluhisha ugomvi, alihakikisha chakula kipo. Hakupenda kupigwa picha, ndiyo maana watazamaji wa filamu hawakumjua. Watoto wao walisoma shule ya bweni na kuja melini wakati wa likizo.

Feza hazikutosha kamwe. Mwaka 1954 Calypso ilifanya kazi ya kutafuta dalili za mafuta kwenye bahari ya Abu Dhabi kwa ajili ya kampuni ya mafuta ya Uingereza. Mwaka 1956 filamu ya Le Monde du silence, aliyoiongoza pamoja na kijana Louis Malle, ilishinda tuzo kuu ya Cannes, kisha ikapata Oscar. Anayeitazama leo hushituka. Mabaharia wanalipua matumbawe kwa baruti ili kuhesabu samaki. Mtoto wa nyangumi anajeruhiwa na meli, papa wanakuja kumla, na watu wanawaua papa hao kwa hasira. Wakati ule wengi hawakuona ubaya. Baadaye Cousteau mwenyewe alikubali kwamba mambo hayo hayafai kurudiwa.

Dalili ya mabadiliko ilionekana mwaka 1960, alipokuwa kiongozi wa jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Ufaransa ilitaka kutupa takataka za nyuklia katika Mediterania. Cousteau alipinga hadharani, wakaaji wa pwani wakaungana naye, na mpango huo ukasimamishwa.

Karibi: kutoka hazina hadi huzuni

Mwaka 1968 Calypso ilifika Silver Bank, eneo la miamba kaskazini mwa Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1641 meli ya Hispania, Nuestra Señora de la Concepción, ilizama huko ikiwa imejaa feza. Kwa wiki nyingi wapiga mbizi walivunja matumbawe yaliyofunika mabaki ya meli moja na kuinua tani za mawe na mchanga. Mwisho walitambua kwamba meli waliyoichimba ilikuwa ya karne iliyofuata. Hazina hawakuiona. Mmarekani mmoja, Burt Webber, ndiye aliyeipata Concepción mwaka 1978. Tangu mwaka 1986 sehemu hiyo inalindwa na serikali ya Dominika, kwa sababu nyangumi wa Atlantiki huja kuzalia huko.

Mwaka 1971 Calypso ilielekea pwani ya inchi inayoitwa leo Belize, wakati huo koloni la Uingereza. Huko, katikati ya matumbawe, kuna shimo la duara lenye upana wa mita 300 hivi na kina cha zaidi ya mita 120. Ukilitazama kutoka angani ni kama jicho la buluu iliyokolea. Mabaharia waliingiza meli humo kwa uangalifu mkubwa, kisha wakateremsha nyambizi ndogo. Kwenye kina cha mita 40 hivi walikuta nguzo kubwa za mawe zikining'inia kutoka juu. Nguzo za namna hiyo hujengwa na maji yanayodondoka tone kwa tone ndani ya pango kavu. Basi shimo hilo lilikuwa pango la nchi kavu, zamani za barafu, bahari ilipokuwa chini sana kuliko leo. Filamu ya safari hiyo ililifanya shimo hilo kujulikana duniani, na wageni wanaokwenda kuzamia huko hawajakoma.

Katika Guadeloupe, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, Cousteau alisifu sana bahari inayozunguka visiwa vidogo vya Pigeon, karibu na Bouillante. Leo wenyeji wanapaita Hifadhi ya Cousteau, mahali hapo ni sehemu ya mbuga ya taifa ya Guadeloupe, na sanamu ya kichwa chake imewekwa chini ya maji, wapiga mbizi wakipita kuigusa.

Lakini safari ya Karibi iliyomwonyesha mtu aliyebadilika ni ile ya Haiti, katikati ya miaka ya 1980. Filamu iliyotoka mwaka 1986 haikutafuta hazina. Ilionyesha vilima vilivyokatwa miti kwa ajili ya makaa, mvua ikiteremsha udongo hadi baharini, matumbawe yakifunikwa na matope, na wavuvi wakirudi na samaki wadogo. Cousteau alikuwa ameelewa kwamba bahari haiwezi kupona ikiwa watu wa nchi kavu wana njaa.

Msiba wa Lisbon

Philippe, mtoto wa pili, ndiye aliyetazamiwa kurithi kazi. Alikuwa rubani na mpiga picha. Mwaka 1965 alikuwa mmoja wa watu sita waliokaa wiki tatu katika nyumba ya chuma kwenye kina cha mita 100 karibu na Nice. Aliandika pamoja na baba yake kitabu juu ya papa. Inasemekana ni yeye aliyemsukuma mzee kusema kwa nguvu zaidi juu ya uharibifu wa mazingira, na mwaka 1973 Cousteau aliunda shirika la kutetea bahari huko Marekani.

Tarehe 28 Juni 1979, Philippe alikuwa akijaribu ndege yao ya majini kwenye mto Tagus, Lisbon, baada ya matengenezo. Ndege ilipasuka ilipogusa maji. Philippe alikuwa na miaka 38. Bibi yake alikuwa na mimba, na mtoto wa kiume alizaliwa miezi michache baadaye. Cousteau alizungumza kidogo sana juu ya kifo hicho. Alimwita Jean-Michel, aliyekuwa akijenga maisha yake mbali na meli, na kwa miaka zaidi ya kumi baba na mwana wakafanya kazi pamoja.

Ugomvi wa jina

Simone alikufa kwa kansa Desemba 1990, na majivu yake yakamwagwa baharini mbele ya Monaco. Miezi michache baadaye Cousteau alimuoa Francine Triplet, na hapo watu wakajua kwamba walikuwa tayari na watoto wawili, waliozaliwa Simone akiwa hai. Jean-Michel aliondoka katika shirika. Alipotia jina la Cousteau kwenye hoteli ya watalii huko Fiji, baba yake alimpeleka mahakamani. Mwaka 1996 walipatana: hoteli ingebeba jina zima la Jean-Michel, ili isichanganywe na kazi ya baba.

Hata katika miaka hiyo mzee hakupumzika. Alikusanya sahihi za watu wengi kupinga uchimbaji wa madini katika Antaktika, na mwaka 1991 mkataba wa Madrid ukaukataza. Mwaka 1992 alikuwa Rio de Janeiro kwenye mkutano wa dunia juu ya mazingira.

Januari 1996 Calypso iligongwa na chombo kingine katika bandari ya Singapore ikazama. Iliinuliwa, lakini haikusafiri tena. Mwaka mmoja na nusu baadaye nahodha wake alifariki. Misa ya kumuaga ilisomwa katika kanisa la Notre-Dame, Paris, na akazikwa Saint-André-de-Cubzac, katika kaburi la familia, mbali kidogo na bahari.

Jean-Michel aliendelea kutengeneza filamu za bahari. Watoto wa Philippe, Alexandra na Philippe mdogo, nao walishika kazi hiyo hiyo. Katika Karibi, wanaoteremka leo kwenye visiwa vya Pigeon au shimo la Belize wanapumua kwa kifaa kinachofuata kanuni ile ile iliyojaribiwa mtoni Marne mwaka 1943. Wanakatazwa kuvunja tawi la tumbawe au kuchukua hata gamba moja. Mtu aliyelipua matumbawe ili kuhesabu samaki alifika uzeeni akiwa mmoja wa waliofundisha dunia katazo hilo.